Kufomati Si Kufuta: Kabla Hujampa Mpwa Wako Laptopu ya Zamani

"Fundi, hiyo nimeshaifomati. Haina kitu."

Anayeniambia hivi huwa amebeba laptopu ya zamani ndani ya mfuko, na ombi lake ni lile lile: niweke Windows upya, nipanguse vumbi, ipelekwe kwa mpwa aliyeitwa chuo au kwa shangazi anayetaka kutazama mahubiri kwenye YouTube. Nikimwomba aniachie diski hadi kesho niifute ipasavyo, anashangaa. Wengine hukasirika, wakidhani natafuta njia ya kuongeza bei. Karakana yetu iko hapa katikati ya Nairobi, karibu na Luthuli Avenue, na maneno haya nimeyasikia kwa wahasibu, walimu, wanafunzi wa kompyuta na hata mawakili. Basi nayaandika, ili nisiendelee kuyaeleza nikiwa nimesimama na bisibisi mkononi.

"Ukifomati, kila kitu kimetoweka"

Hakijatoweka. Dhana hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu ndiyo inayoumiza watu.

Fomati ya haraka, ile ambayo Windows yenyewe huwa imeshaitia tiki, haizigusi faili zako. Inaandika jedwali jipya la faili, tupu, na kutangaza kwamba nafasi yote iko wazi. Ni kama karani aliyefuta jina lako kwenye daftari la ardhi huku mahindi yako bado yamesimama: anayesoma daftari ataambiwa hakuna kitu, anayetembea hadi shambani atavuna.

Na kufika huko shambani hakuhitaji ujuzi mkubwa. Kuna programu ya bure inayoitwa PhotoRec. Hiyo haishughuliki na jedwali la faili hata kidogo. Inaisoma diski kuanzia sekta (kipande kidogo cha diski) ya kwanza hadi ya mwisho, ikitafuta alama ambazo faili huanza nazo. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, na hati ya PDF huanza na %PDF. Ikiiona alama, inachota kinachofuata. Majina ya faili yatapotea na folda zitavurugika, lakini picha ya kitambulisho itatoka ikiwa picha ya kitambulisho, na nambari zake zitasomeka.

Siku hizi sibishani tena. Naichomeka diski "tupu" ya mteja mbele ya macho yake na kuiendesha PhotoRec. Zinaanza kutoka: cheti cha PIN cha KRA, taarifa za M-Pesa, barua ya hospitali, mkataba wa kuuza shamba, picha za watoto wakiogeshwa. Nyingi si za mwenye laptopu peke yake. Aliyekuwa mweka hazina wa chama ana nakala za vitambulisho vya wanachama wote. Mwalimu ana alama na nambari za simu za wazazi. Anayefanya kazi ofisi ya wakili ana siri za watu ambao hata hawajui kwamba laptopu hiyo ipo. Kama kompyuta ilikuwa ya kazi, basi kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka taarifa za watu zisihifadhiwe kwa njia ya kuwatambulisha kupita muda unaohitajika. Kumpa binamu diski yenye rekodi za wateja wako si jambo la nyumbani tena.

Wala si tatizo letu peke yetu. Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa MIT huko Marekani, walinunua diski 158 za mitumba kati ya 2000 na 2002 wakazichunguza. Zilizosomeka zilikuwa 129, na kati ya hizo ni 12 tu zilizokuwa zimefutwa ipasavyo. Kwenye zilizobaki walikuta, pamoja na mambo mengine, nambari zaidi ya 5,000 za kadi za mikopo. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2003, na watu bado wananiambia nimeshaifomati.

Wengine huniambia, "Lakini si utaweka Windows mpya juu yake?" Nitaweka. Windows mpya itachukua takribani GB 30 za mwanzo. Kwenye diski ya GB 500, unadhani nini kitaigusa ile sehemu kubwa iliyobaki? Hakuna kitakachoigusa mpaka mpwa wako aijaze kwa filamu, na huenda asiijaze miaka mitatu.

Fomati kamili ni habari nyingine, na hapa mafundi wenyewe hubishana. Enzi za Windows XP, fomati kamili ilipekua tu kutafuta sekta mbovu bila kuandika kitu juu ya data. Kuanzia Vista inaandika sifuri kwenye eneo zima inalofomati. Kwa hiyo kwenye Windows za sasa fomati kamili inafuta kweli, ila inafuta lile eneo ulilolichagua tu. Ukifomati C na kuisahau D, picha za D zinakwenda chuoni pamoja na mpwa.

Kwa sababu hiyo mimi huifuta diski nzima kwa mpigo mmoja. Hapa nazungumzia diski ya sumaku, ile yenye sahani zinazozunguka ndani; SSD ina njia yake, nitaieleza chini. Unawasha kompyuta kwa flashi ya kusakinisha Windows, na skrini ya kwanza ikitokea unabonyeza Shift na F10 (kwenye baadhi ya laptopu unaongeza Fn). Dirisha jeusi la amri linafunguka. Andika diskpart, halafu list disk, na hapo tulia. Tazama ukubwa wa kila diski, kwa sababu flashi yako pia imo kwenye orodha hiyo, na diskpart haikuulizi kama una uhakika. Kabla ya yote chomoa kila diski nyingine ya nje. Kisha select disk na nambari yake, kisha clean all. Neno all ndilo lenye kazi: clean peke yake huondoa tu mgawanyo wa diski na kuiacha data yote pale ilipokuwa, ilhali clean all huandika sifuri kwenye kila sekta.

Haionyeshi imefika wapi. Skrini inakaa kimya, mtu anadhani imekwama, anazima. Usizime. Diski ya GB 500 iliyochomekwa moja kwa moja huchukua saa mbili hivi. Ukiipitisha kwenye waya wa USB 2.0, hesabu saa tano. Stima ikipotea katikati hakuna kilichoharibika, unaanza upya. Ikimaliza, endesha PhotoRec wewe mwenyewe. Isipopata kitu, sasa ndiyo unaweza kusema haina kitu.

"Ni mtu wa familia, hakuna neno"

Simshuku mpwa wako. Ninaloliangalia ni safari ya diski baada yake. Laptopu ya mwanafunzi huibwa hosteli. Hupelekwa kwa fundi mwingine Kisumu au Eldoret. Huuzwa muhula wa pili ada ikichelewa, na aliyeinunua haujui ukoo wenu. Diski yaweza kuwa hai miaka mingi baada ya wewe kuisahau.

Hata ndani ya ukoo, yapo mambo ambayo mtu hapaswi kuyakuta. Barua ya daktari kuhusu mama ambayo ninyi ndugu wakubwa mlikubaliana isisomwe na watoto. Hesabu ya madeni ya harusi. Rasimu ya wosia. Ukimpa mtu kompyuta yenye vitu hivi umemtwika mzigo ambao hakuuomba.

Hapo hapo kuna nusu-njia ambayo watu huipenda: kumtengenezea akaunti mpya ya mtumiaji na kuiacha ya zamani, "kwa vile hana nenosiri langu". Mwenye akaunti ya msimamizi kwenye kompyuta hiyo anaweza kufungua folda zako zote. Hiyo si kufuta, ni kufunika tu.

Jambo moja la kutangulia, tafadhali. Kama laptopu imeunganishwa na OneDrive au Google Drive, usianze kufuta folda moja moja kwa mkono. Ukifuta ndani ya folda ya OneDrive ukiwa bado umeingia kwenye akaunti, unafuta hata kule mtandaoni, na akaunti ya kawaida huvihifadhi vilivyofutwa kwa siku 30 tu. Tenganisha akaunti kwanza, nakili unachohitaji, ufungue nakala hizo kwenye kompyuta nyingine uone kama zinafunguka kweli, ndipo uguse diski.

"Isipofutwa mara 35 bado inasomeka, afadhali uipige nyundo"

Hawa ni wale waliosoma kidogo, na nawavumilia zaidi kwa sababu angalau wanajali. Nambari 35 ina chanzo chake. Mwaka 1996 Peter Gutmann wa Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, aliandika makala kuhusu kufuta data kwenye vyombo vya sumaku, akapendekeza mpangilio wa kuandika juu mara 35. Mpangilio huo ulikusudiwa kukidhi aina zote za diski zilizokuwepo hadi wakati huo, kila aina na namna yake ya kuandika biti. Hakuna diski moja iliyohitaji zote 35, na Gutmann mwenyewe baadaye alieleza kwamba kuzitumia zote kwenye diski za kisasa hakuna maana.

Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wake wa kufuta data, nambari 800-88, mwaka 2006. Ulisema wazi kwamba kwa diski za kisasa za sumaku, kuandika juu mara moja kunatosha kuizuia data isirejeshwe. Piga hesabu: mara 35 kwa saa mbili ni saa 70, karibu siku tatu za kuichosha diski ambayo unataka imtumikie mtu. Mara moja, kikamilifu, halafu hakikisha. Kuhakikisha ndiko kunakopuuzwa.

Nyundo inaua diski nzuri ambayo mtoto angeitumia. Iache kwa ajili ya ile iliyokufa, isiyotambuliwa tena na kompyuta, maana hiyo huwezi kuiandikia sifuri na bado sahani zake zina kila kitu. Toboa sahani, kisha mabaki yasiende jaani. WEEE Centre hapa Nairobi hupokea taka za kielektroniki.

Na sumaku ya friji? Haifanyi lolote. Ndani ya diski yenyewe kuna sumaku zenye nguvu kuliko hiyo mara nyingi.

"SSD nayo ni hivyo hivyo"

Sivyo, na hapa hata mafundi wenzangu hukosea. SSD, diski ya chipu isiyo na sahani zinazozunguka, haina sekta zinazokaa mahali pamoja. Kidhibiti chake huhamisha maandishi huku na huku ili seli zisichakae upande mmoja, na huwa na nafasi ya akiba ambayo Windows haiioni kabisa. Ukiandika sifuri "kila mahali", kuna mahali hukufika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilithibitisha hilo mwaka 2011: njia zilizozoeleka kwenye diski za sumaku hazikuaminika kwenye SSD.

Ndani ya SSD kuna amri ya kujifuta yenyewe, na hiyo ndiyo ya kutumia. Laptopu nyingi za biashara zinazouzwa hapa mjini zikiwa zimetoka Uingereza, zile EliteBook na Latitude, huwa nayo ndani ya BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Kwenye HP huitwa Secure Erase, kwenye Dell huitwa Data Wipe. Kama haimo, pakua programu ya kampuni iliyotengeneza SSD hiyo. Hapa stima ni muhimu: chomeka chaja na uwe na betri yenye chaji, kwa sababu SSD ya SATA ikikatizwa katikati yaweza kubaki imefungwa kwa nenosiri.

Ushauri ninaoupenda kuliko wote, na ninaourudia mpaka wateja wanautaja kabla yangu: simba diski kwa njia fiche tangu siku ya kwanza unapoanza kuitumia. BitLocker, programu ya Windows yenyewe ya kusimba diski, iko kwenye Windows Pro, na laptopu nyingi mpya zenye toleo la Home zina usimbaji wa kifaa. Kilichoandikwa kikiwa kimesimbwa hakisomeki bila ufunguo, hata kwenye ile nafasi ya akiba, hata laptopu ikiporwa kwenye matatu. Hifadhi ufunguo wa dharura nje ya laptopu hiyo, basi. Na mpwa umwekee vivyo hivyo kabla hajaondoka.

"Kufomati kunaponya sekta mbovu"

Hakuponyi. Sehemu ya sahani iliyochakaa itabaki imechakaa. Diski yenyewe ndiyo huihama sekta hiyo na kutumia nyingine ya akiba, na akiba ina mwisho. Kuhusu hiyo "low level format" inayotangazwa na vijana mtandaoni: ile ya kweli hufanyika kiwandani. Programu unayopakua inaandika sifuri, kama clean all.

"Fundi ameniibia GB 35"

Hakuna aliyekuibia. Mtengenezaji anahesabu GB kuwa baiti bilioni moja. Windows inahesabu 1,073,741,824. Ndiyo maana GB 500 huonekana 465, na TB 1 huonekana GB 931. Ilikuwa hivyo hata siku uliyoinunua.

"Ikishafutwa ni kama mpya"

Imekuwa tupu, haijawa mpya. Diski hujiwekea rekodi ya maisha yake, inaitwa SMART, na kufuta hakuigusi rekodi hiyo. Fungua CrystalDiskInfo usome. Kwa kawaida programu hiyo huonyesha thamani kwa tarakimu za heksadesimali, basi ibadilishe iwe desimali kabla hujaogopa bure. Saa za kuwaka ziko kwenye namba 09: diski yenye saa 40,000 imezunguka zaidi ya miaka minne na nusu bila kupumzika. Lakini mimi naangalia zaidi 05, sekta zilizokwisha kuhamwa, na C5, sekta zinazosubiri kuamuliwa. Backblaze, kampuni inayohifadhi data za watu kwenye diski maelfu kwa maelfu, ina hizo mbili miongoni mwa tano inazozifuatilia ili kujua diski ipi iko njiani kufa.

Ziandike namba hizo kabla ya kufuta, kisha uzisome tena baada ya kufuta. Kuandika sifuri kila mahali kunailazimisha diski iamue kuhusu kila sekta inayosubiri: ama imekubali kuandikwa, na C5 inashuka, ama imehamwa, na 05 inapanda. Zote mbili zikiwa sifuri kabla na baada, hiyo diski nitampa hata mwanangu. Ikiwa 05 imepanda wakati wa kufuta, usimpe mtu, hata kwa nia njema. Itamfia wiki ya kuwasilisha mradi, na hakutakuwa na fundi wa kumwokoa.

Hata iliyo nzima, usiifanye iendeshe Windows 11. Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika itamchosha kijana mpaka aseme laptopu ni mbovu, kumbe ni kusubiri diski. Nunua SSD ndogo ya kuwekea Windows, na kama laptopu ni kuukuu isiyokubali Windows 11, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, kwa kuwa Windows 10 ya kawaida iliachwa bila msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Ile diski ya zamani iingize kwenye kasha la USB, iwe ya nakala ya pili. Ya inchi 2.5 hupata umeme kwa waya wa USB wenyewe. Ya inchi 3.5 inahitaji kasha lenye adapta yake. Mwambie mwenyewe kwamba picha au kazi yoyote isikae humo peke yake. Kisha bandika kipande cha utepe juu ya kasha, uandike tarehe uliyoifuta, saa zake za kuwaka, na thamani za 05 na C5, ili mwakani akiisoma tena ajue kama imeanza kuchakaa.